Vifaa vya kuokolea maisha ziwani: Akiba hii huoza

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MNUNUZI wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hanunui gunia kwa kulitazama nje. Huingiza mkono mpaka katikati, huchota dagaa wa ndani, huwanusa, humvunja mmoja kuona kama amekauka sawasawa, ndipo anapotaja bei. Akidanganywa mara moja, hasara ni ya gunia moja, na muuzaji huyo hamrudii tena.

Mfanyabiashara huyo huyo anapopanda chombo kwenda Ukerewe, Kome au visiwa vya mbali zaidi, huketi karibu na fungu la majaketi ya kuokolea maisha yaliyofungwa kwa kamba, na hana swali. Hajui majaketi hayo yalishonwa na nani, yamejazwa nini ndani, wala ni lini yalifunguliwa mara ya mwisho yakaguliwe. Gunia amelikagua, roho yake ameikabidhi kwa mtu asiyemjua.

Wiki hii ukurasa wetu wa soko unatazama bidhaa za aina hiyo, yaani zile zinazonunuliwa kwa nia ya kutozitumia. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa bidhaa hizi usemi huo haufai, kwani akiba hii huoza, tena huoza ikiwa imefungwa vizuri, na mwenye nayo hana habari.

Kanda yetu ina kila sababu ya kuzijali. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, na wavuvi wake katika nchi tatu ni zaidi ya 200,000. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) limekuwa likitaja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaopoteza maisha katika ziwa hili kila mwaka. Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea wasafiri wengi adha ya kivuko, lakini Ukerewe, Ukara na visiwa vingine bado hufikiwa kwa maji, na mvuvi hana daraja la kwendea kwenye nyavu zake.

SOMO KUTOKA KWA WAKUNJA MIAVULI

Ili kuielewa biashara hii, ni vyema kuanza mahali ambako imekwisha kukomaa. Mahali hapo ni kwenye mchezo wa kuruka kutoka ndegeni kwa parachuti, yaani mwavuli. Wengi wetu tumewaona askari wa JWTZ wakitua kwa miavuli kwenye sherehe za kitaifa, na huko Diani, pwani ya Kenya, watalii hulipa fedha ili warushwe. Hapa Mwanza mchezo huo hauna soko. Utaratibu wake, hata hivyo, unamhusu moja kwa moja mfanyabiashara wa ziwani.

Mrukaji hubeba miavuli miwili mgongoni. Wa kwanza ni mwavuli mkuu, anaoutarajia kuutumia. Wa pili ni wa akiba, anaoomba asiuhitaji kamwe. Kanuni za Marekani, ambako mchezo huu una wafuasi wengi, zinaitofautisha miavuli hiyo miwili kwa namna ya kuvutia. Mwavuli mkuu, mrukaji anaruhusiwa kuukunja mwenyewe kabla ya kuruka nao. Wa akiba haruhusiwi. Huo lazima ukunjwe na fundi mwenye leseni, na kila baada ya siku 180 lazima ufunguliwe na kukunjwa upya, hata kama haujawahi kuguswa. Hadi mwaka 2008 muda huo ulikuwa siku 120. Mwavuli wa hariri, kwa kuwa ni kitambaa cha asili kinachoharibika upesi, muda wake ni siku 60 tu.

Sababu ya tofauti hiyo ni ya kibiashara kama ilivyo ya kiufundi. Mwavuli mkuu hujaribiwa kila siku kwa kutumika, na ukiwa na kasoro itaonekana mapema, wakati wa akiba ungalipo. Mwavuli wa akiba haujaribiwi na yeyote. Siku kasoro yake itakapoonekana, hapatakuwa na mwingine wa kuushika mkono. Kwa hiyo sheria imeweka mtu mahali pa majaribio.

Mtu huyo ni fundi mkunjaji. Ili kupata leseni ya kukunja aina fulani ya mwavuli, anatakiwa awe amekwisha kukunja isiyopungua 20 ya aina hiyo chini ya usimamizi, kisha afaulu mtihani wa maandishi, wa mdomo na wa vitendo. Anapoletewa mwavuli wa akiba, huufungua wote, huupa hewa, hukagua kitambaa, mishono na kamba, huhakikisha hauna unyevu, kisha hukunja mkunjo kwa mkunjo juu ya meza ndefu. Akimaliza hufunga kwa uzi na kubana lakiri yenye alama yake mwenyewe. Ndani ya mfuko wa mwavuli hukaa kadi, na juu ya kadi huandika tarehe, mahali na sahihi yake. Kumbukumbu nyingine hubaki katika daftari lake, ambalo sheria inamtaka alihifadhi kwa muda usiopungua miaka miwili.

Mteja hapati kitu kipya mkononi. Aliingia na mfuko uliofungwa, anatoka na mfuko uliofungwa. Alicholipia ni tarehe na jina, na ndivyo vitu ambavyo mwenye uwanja wa kurukia huvisoma kwenye kadi kabla ya kumruhusu mteja kupanda ndege. Tarehe ikiwa imepita, haruki.

KUKUNJA KWA KALAMU

Msomaji mzoefu wa soko atakuwa amekwisha kuona mlango wa wizi. Kama mteja hawezi kuona kilichofanyika ndani, nini kitamzuia fundi kutia sahihi bila kufungua? Saa kadhaa za kazi zinageuka dakika moja, na malipo ni yale yale.

Wizi huo upo, na mafundi wa miavuli wana jina lake: wanauita kukunja kwa kalamu. Kwao hakuna tusi linalolizidi hilo, nasi tunaamini kila mfanyabiashara wa kanda hii anapaswa kulijua, maana halikuanzia kwenye miavuli wala haliishii huko. Mhuri uliogongwa mezani wakati chombo kiko majini ni kukunja kwa kalamu, na cheti kilichoandikwa kwa kunakili cha mwaka jana hakina tofauti nao.

Hatari ya wizi huu ni kwamba unamwadhibu mkweli. Fundi anayefungua kila kitu hutumia muda, nafasi na vipuri, kwa hiyo bei yake iko juu. Wa kalamu hana gharama, anaweza kupunguza bei mpaka mwenzake afunge duka. Wateja wote wawili hurudi salama miaka mingi, kwa sababu ajali ni nadra, na anayeonekana mjanja ni yule aliyelipa kidogo. Soko huria likiachwa hapo bila kizuizi, hubakiza wa kalamu peke yao.

Wenzetu wa miavuli wamejaribu kuzuia hilo kwa mambo matatu. Kwanza, alama kwenye lakiri ni ya mtu mmoja, hivyo kosa lina mwenyewe. Pili, kumbukumbu zinawekwa sehemu mbili, kwenye kadi na kwenye daftari, na zinaweza kulinganishwa. Tatu ni desturi ya kijeshi, ambapo fundi wa jeshi la Marekani anatakiwa awe tayari kuruka wakati wowote na mwavuli wowote aliokunja mwenyewe. Mtu akijua kwamba kesho anaweza kukabidhiwa kazi yake aivae, kalamu inakuwa nzito.

ZIWANI KWETU

Ndugu wa karibu kabisa wa mwavuli wa akiba katika ziwa hili ni boti ya mpira ya kuokolea maisha. Abiria wa meli wameiona bila kuitambua. Ni lile pipa jeupe la plastiki ngumu linalolala kwenye kitako chake kando ya sitaha. Ndani yake kuna boti iliyokunjwa, mtungi wa gesi, na mfuko wa vifaa vya dharura. Kamba ikivutwa mpaka mwisho, mtungi hufyatuka, boti ikajaa na kulipasua pipa.

Meli ikizama kabla mtu hajaifikia kamba, kuna kifaa kidogo kilichofungwa kwenye mkanda wa pipa ambacho hutegemea msukumo wa maji. Kikifika kina cha kati ya meta 1.5 na 4 hukata mkanda, pipa likaelea juu, na kamba iliyobaki imefungwa melini ikaifyatua boti. Ni ufundi mzuri, mradi kila kiungo kiwe hai. Kifaa hicho kikipitwa na muda wake, au mtungi ukivuja polepole kwa miaka, pipa litabaki na sura ile ile nyeupe ya siku liliponunuliwa.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, SOLAS, unataka boti hizo zikaguliwe kila baada ya miezi 12 katika kituo kilichoidhinishwa. Pale isipowezekana, muda unaweza kusogezwa hadi miezi 17, si zaidi. Mkataba huo uliandikwa kwa ajili ya meli za safari za kimataifa baharini. Kwetu Tanzania Bara, usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini ni kazi ya TASAC, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya usafiri wa Ziwa Victoria ya mwaka 2007. Hata hivyo kipimo cha miezi 12 ni kipimo kizuri kwa yeyote anayetaka kujua kama pipa lililo mbele yake ni boti au ni pambo.

Kazi ya kituo inafanana mno na ya fundi wa miavuli. Boti hutolewa, hujazwa upepo na kuachwa kwa muda uliowekwa ili ionekane kama inapoteza. Mishono na viungio hukaguliwa. Chakula, maji, dawa na fataki zilizopitwa na tarehe hubadilishwa. Mtungi wa gesi huwekwa kwenye mizani, na hapa mfanyabiashara wa Mwaloni angeelewa mara moja, maana uzito unaotakiwa umeandikwa, na ukipungua, gesi imevuja. Kisha boti hukaushwa, hukunjwa na kurudishwa ndani, na pipa huandikwa tarehe ya ukaguzi uliofanyika na ya ule unaofuata.

JAKETI LA MVUVI NA ABIRIA

Boti za mpira ni za meli kubwa. Mvuvi na abiria wa mtumbwi wenye injini hutegemea jaketi, na soko la jaketi ndilo lenye wateja wengi na udanganyifu mwepesi.

Jaketi la kawaida halina gesi. Kinachoelea ni sponji iliyoshonewa ndani ya kitambaa. Kuna sponji ya aina mbili, na kwa macho zinafanana. Moja ina vijitundu vilivyozibwa kila kimoja peke yake, hewa haitoki na maji hayaingii. Nyingine ni ya aina inayotumika kwenye magodoro na viti, ambayo vijitundu vyake vimeunganika. Hiyo hunywa maji. Jaketi lililojazwa sponji ya godoro huelea kwa muda mfupi, kisha huwa mzigo kwa aliyelivaa.

Viwango vya kimataifa hupanga majaketi kwa nguvu ya kuinua, inayoandikwa kwa nyutoni: 50, 100, 150 na 275. Nyutoni 100 ni sawa na kuinua uzito wa kilo 10 hivi. Jaketi la 50 ni la mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. La 100 ni la maji yaliyokingwa na pwani, na la 150 kwenda juu ni la maji ya wazi. Mvuvi anayelala Goziba, mbali na bara, hayumo kwenye kundi la 50. Jaketi lisiloandikwa nguvu yoyote halina dai lolote, na muuzaji wake hana cha kuulizwa.

Kwa wanaonunua kwa jumla, kuna jaribio moja lisilohitaji maabara. Kanuni za kimataifa zinataka jaketi la sponji lisipoteze zaidi ya asilimia 5 ya nguvu yake ya kuelea baada ya kuzamishwa katika maji baridi kwa saa 24. Mnunuzi anaweza kuchagua jaketi moja yeye mwenyewe kutoka katikati ya robota, kama anavyochota dagaa, akalipima kwenye mizani, akalizamisha kwenye pipa la maji kwa kulikandamiza na jiwe, akaliacha siku nzima. Akilitoa, aliache lichuruzike kisha alipime tena na kulibonyeza. Kitambaa hulowa, hilo ni la kawaida. Sponji ikitoa maji kama dodoki, mzigo wote urudi kwa mwenyewe.

Majaketi mema nayo huzeeka. Jua hulegeza kitambaa na uzi, mafuta ya injini hula mikanda, na kukaliwa kama kiti huibana sponji mpaka inapoteza nguvu. Jaketi lililokaa juu ya paa la boti misimu kadhaa linahitaji kufunguliwa, kuvutwa mikanda na kujaribiwa majini, sawa na mwavuli ambao haujawahi kurukiwa. Kama limefungwa fundo lisilofunguka kwa mkono mmoja gizani, haliko kazini.

AKIBA HAIZIDISHWI

Ni lazima tuseme wazi ambacho vifaa hivi haviwezi kufanya. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliokufa walikuwa mamia, na hesabu zinazotajwa mara nyingi huzidi 800. Makaburi ya Igoma yanawakumbusha wenyeji wa jiji hili hadi leo.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara kutoka Bugolora. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Walikufa 228 na kuokolewa 41, jumla 269. Hata kama kila jaketi la kivuko kile lingekuwa jipya, la kipimo na lenye tarehe sahihi, akiba ya watu 101 haigawanyiki kwa watu 269. Mwavuli wa akiba hubeba mtu mmoja. Hakuna fundi anayeweza kuukunja ukabeba watatu.

Kwa hiyo mwenye chombo anayenunua majaketi mazuri kisha akapakia kupita kiasi, ameharibu ununuzi wake mwenyewe. Hesabu ya abiria ni sehemu ya kifaa.

Na pale ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani Bukoba, Novemba 6, 2022, ikiwa na watu 43, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walipona, 19 walikufa. Tukio hilo lilionyesha kwamba mvuvi si mteja tu wa vifaa vya kuokolea maisha. Mara nyingi yeye ndiye kikosi cha uokoaji, na jaketi analovaa linaweza kuwa la watu wawili kwa kazi, ijapokuwa ni la mmoja kwa kipimo.

HESABU YA MWEKEZAJI MDOGO

Je, kuna biashara hapa? Ipo, nayo ni ya marudio. Muuzaji wa jaketi huuza mara moja kwa miaka kadhaa. Mkaguzi huuza kazi ile ile kila mwaka. Tuchukue mfano wa hesabu tu: meli yenye watu 200 inayotegemea boti za mpira za watu 25 kila moja inahitaji boti nane, na nane hizo ni kazi nane kila baada ya miezi 12, msimu uwe mzuri au mbaya.

Hata hivyo, tunamshauri mwekezaji asikurupuke. Soko hili limetengenezwa na sheria, si na hamu ya mteja. Mwenye chombo hafurahii kulipia kitu ambacho hakikutumika, na ukaguzi wa serikali ukilegea, oda hukauka. Aidha, kituo cha boti za mpira hakifunguliwi kwa mtaji wa duka. Azimio A.761(18) la Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), la mwaka 1993, linataka kituo kiidhinishwe na mamlaka ya nchi, kiwe na ukumbi safi, mkavu na wa kutosha, vifaa na vipuri halisi, na mafundi waliofunzwa kwa aina husika ya boti.

Kwa mtaji mdogo, mlango ulio wazi zaidi ni wa majaketi: kushona, kutengeneza, kujaribu na kuandika. Fundi cherehani anayejua sponji yake, anayetia jina, tarehe na namba juu ya kila jaketi, na anayelipokea tena kila mwaka kwa ukaguzi wa malipo nafuu, anauza kitu ambacho robota la bei rahisi halina. Kabla ya kuanza apate maelekezo ya TBS kuhusu viwango na ya TASAC kuhusu yale yanayokubalika vyomboni. Vikundi vya BMU vya mialoni navyo vinaweza kununua kwa pamoja, kujaribu sampuli kwa pamoja, na kuweka daftari moja la tarehe.

Kizuizi cha kalamu nacho kinawezekana bila gharama kubwa. Mnunuzi aseme mapema, na iandikwe kwenye risiti, kwamba jaketi moja au mawili kati ya yaliyotiwa sahihi yatafunguliwa mbele ya wote, naye ndiye atakayeyachagua. Fundi mkweli hatakataa. Anayekataa amejibu swali.

USHAURI WA WIKI

Kwa mwenye chombo: andika tarehe ya ukaguzi mahali abiria wanapoweza kuisoma. Ni tangazo la biashara lisilolipiwa, na litakuletea abiria kuliko rangi mpya.

Kwa mfanyabiashara anayesafiri na mzigo: kabla ya kupanda hesabu vichwa na majaketi. Vaa moja, funga mikanda yote, uone kama linakushika. Ukiona pipa jeupe, soma tarehe yake. Mwenye chombo akiulizwa na mteja mmoja atakasirika. Akiulizwa na kumi wiki moja, atatafuta fundi.

Kwa fundi: jina lako ndilo mtaji. Kabla ya kutia sahihi, jiulize kama ungekubali kulivaa jaketi hilo usiku huu, upepo ukivuma, kati ya Nansio na Mwanza.